Kondoo dume alivuka ua, sasa naambiwa nichague upande

Shikamoo Mama,

Mimi ni nesi wa jamii, umri wangu miaka 34, kwetu Lushoto. Huu ni mwaka wangu wa saba Wales, na miaka mitatu ya mwisho naishi katika bonde moja la Ceredigion ambako nyumba zinahesabika na kondoo hawahesabiki.

Mchumba wangu ni mtoto wa mkulima, na tuko pamoja mwaka wa pili. Tarehe 25 Januari, sikukuu ya Mtakatifu Dwynwen, ambayo kwa watu wa huku ndiyo siku ya wapendanao, alinipa kijiko cha mti alichokichonga mwenyewe. Mpini wake una mnyororo wa pete mbili na tundu la ufunguo. Desturi ya kijiko hiki ni ya kale kwao, na kwa namna alivyonipa ilikuwa posa. Nilikubali. Harusi tumeipanga Septemba, kanisani kwao palepale bondeni.

Shida yangu ni shamba la jirani. Familia hizi mbili hazisemezani mwaka wa kumi na moja sasa. Mavyaa alinieleza hivi: mwaka ule, wiki ya mwisho ya Septemba, kondoo dume wa jirani aliruka ua usiku mmoja akaingia kwa majike wao 40. Wao walikuwa wamepanga kuwatia dume mwanzoni mwa Novemba, ili wazae mwanzoni mwa Aprili majani yakiwa yameanza kuota. Badala yake majike 23 wakazaa Februari, kwenye theluji, wana wengi wakafa. Jirani akajibu kwamba ua ulikuwa mbovu upande wao. Tangu hapo hakuna salamu. Hata kanisani wanakaa pande mbili. Kondoo akipotelea kwa wenzao, asubuhi mwenyewe humkuta amefungiwa kwenye zizi dogo la kando ya barabara. Hapigiwi simu, haambiwi neno.

Sasa, mama wa shamba hilo la jirani ndiye aliyenipokea nilipofika. Alinisikia dukani nikibabaika na maneno mawili ya Kiwelisi, akanialika kwaya ya Jumatano. Kwa kuwa nimesoma sol-fa, yaani noti za do-re-mi, tangu kwaya ya watoto Lushoto, na wao wana vitabu vya tenzi vya zamani vya sol-fa hiyohiyo, niliimba alto siku ya kwanza. Kila Jumamosi hunifundisha lugha jikoni kwake. Ana miaka 71. Kwangu ni mama mdogo hasa.

Wiki mbili zilizopita, baada ya mazoezi, tukiwa tunakunywa chai katika chumba cha nyuma ya kanisa, niliwaonyesha kijiko changu. Mama mmoja akakigeuzageuza, akasema, "Hiki amekichonga vizuri kuliko kile cha kwanza." Chumba kizima kikanyamaza. Mama yangu huyo akainuka kwenda kuosha vikombe.

Nikamfuata. Akaniambia kwamba mchumba wangu alikuwa amemposa binti yake. Uchumba ulivunjika Juni ya mwaka uleule wa kondoo, wiki sita kabla ya harusi. Binti akahamia Cardiff, ameolewa huko na ana watoto. Nikamuuliza kilichotokea. Akajibu, "Alichoka kusubiri," akafunga bomba.

Mama, bonde zima walijua. Wagonjwa ninaowafunga vidonda walijua. Ni mimi tu sikujua. Sikusema kitu nyumbani. Kisha Jumapili mchumba wangu akaniambia, kwa upole tu, nipunguze kwenda kwa yule mama, na kwaya pia niiache mpaka harusi ipite, kwa sababu mama yake ataumia. Sikumjibu.

Kuna na mengine. Mavyaa mpaka leo ananiita "chi", neno la kumwita mtu wa mbali, na wanawe anawaita "ti". Watu wa kijiji huniita kwa jina langu na kuongeza "Nyrs", yaani nesi, kana kwamba sina ukoo.

Je, bado anampenda yule binti? Nimuulize au ninyamaze? Nimwache mama aliyenilea huku ugenini? Tena yeye ndiye mpiga kinanda wa kanisa hilo. Au niahirishe harusi?

Nesi wa Bondeni

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Umeambiwa uchague kati ya mwanamume unayempenda na mama aliyekupokea, kwa ajili ya ugomvi ulioanza kabla hujafika. Na wakati huohuo umegundua kwamba ugomvi wenyewe ulikuwa na kitu ndani yake ambacho hukuambiwa. Nadhani hilo la pili ndilo linalokunyima usingizi, ingawa maswali yako mengi ni juu ya la kwanza.

Niondoe kwanza miiba midogo. "Nyrs" si tusi. Katika mabonde hayo majina ya ukoo ni machache mno; Davies, Jones na Evans wanaweza kujaza kitabu kizima cha mahudhurio ya kanisa. Kwa hiyo mtu huitwa kwa shamba lake au kwa kazi yake, kama sisi tunavyosema Juma Fundi. Sikiliza wanavyomwita baba mkwe wako. Ni karibu hakika kwamba jina la shamba limeshika nafasi ya ukoo wake. Kupewa jina la namna hiyo ni kupewa mahali pa kukaa. Na "chi" pia usiipime haraka. Ndilo neno la heshima, na wapo wakwe walioitana hivyo mpaka kuzeeka bila kinyongo. Wewe uliyekulia kwenye shikamoo unajua kwamba heshima na ubaridi havifanani, hata pale vinapovaa nguo moja. Inawezekana mavyaa anakuweka mbali kweli, lakini neno hilo peke yake si ushahidi.

Sasa tuje kwa kondoo dume, maana hapo pana jambo.

Kondoo jike asiposhika mimba huhitaji dume kila baada ya siku 16 au 17, na hali hiyo hudumu siku moja tu au zaidi kidogo. Katika majike 40, usiku mmoja utawakuta wawili watatu walio tayari. Ili 23 washike mimba, dume huyo alihitaji kukaa nao siku tisa, kumi. Mimba ya kondoo ni siku 147 hivi, kwa hiyo dume wa mwisho wa Septemba analeta wana katika siku za mwisho za Februari. Hapo mavyaa hajakosea. Lakini usiku mmoja na kondoo 23 havikai katika hesabu moja. Ama idadi imeongezewa chumvi kadiri ilivyopita midomoni, ama dume yule alionekana shambani kwa zaidi ya wiki na hakuna aliyevuka ua kumtoa wala aliyepiga simu kusema njoo umchukue.

Sisemi mavyaa ni mwongo. Wana waliokufa walikufa kweli, na kuokota mwanakondoo aliyeganda alfajiri ni huzuni ambayo mfugaji haisahau. Ninachouliza ni kwa nini jambo la kawaida kama hilo halikumalizwa kwa njia za kawaida. Sheria ya Wanyama ya mwaka 1971, inayotumika Uingereza na Wales, humtwisha mwenye mifugo hasara inayofanywa na mifugo yake ikiingia katika ardhi ya mwingine, ingawa hali ya ua nayo inaweza kubishaniwa. Majirani wengi hata hawafiki kwenye sheria. Mmoja huandika hundi au hutoa majike kadhaa mwezi Oktoba, wakashikana mikono. Hapa hakuna aliyedai wala aliyetoa. Na ukitazama tarehe, uchumba ulivunjika Juni na dume akaruka Septemba. Huenda kufikia Septemba simu kati ya nyumba hizo mbili ilikuwa imekwisha kufa, na dume akabebeshwa maneno ambayo watu walishindwa kuambiana.

Usiwalaumu sana watu wa bonde kwa ukimya wao. Katika sehemu ndogo habari inayojulikana na wote haina mtu wa kuisema. Kila mmoja hudhani mwenzake amekwisha kusema, na kwanza kabisa hudhani mchumba wako amekwisha kusema. Halafu harusi huko ni mali ya wengi. Zamani katika Ceredigion na Carmarthenshire alikuwepo mwalikaji, gwahoddwr, aliyepita shamba kwa shamba na fimbo yenye utepe akikaribisha watu, na michango yao iliandikwa daftarini ili ilipwe siku ya harusi zao au za watoto wao. Wewe na michango yetu ya harusi unalielewa hilo bila kufafanuliwa. Daftari limekwisha, ila hisia ya kwamba harusi iliyovunjika imewaacha wengi na deni mikononi haikwisha. Mama aliyetaja kijiko cha kwanza aliponyokwa na ulimi. Sidhani alikusudia kukuumiza.

Unauliza kama bado anampenda yule binti. Siwezi kukujibu, na barua yako haina dalili ya upande wowote. Lakini nakuomba utazame tena yale maneno mawili uliyoambiwa karibu na bomba. Alichoka kusubiri. Alikuwa akisubiri nini? Mapenzi alikuwa nayo, kijiko alikuwa nacho, tarehe ya harusi ilikuwapo.

Huenda ni jambo lisilohusiana kabisa na ninalolifikiria. Ila katika mashamba ya milimani kitu ambacho wachumba husubiri mara nyingi ni ardhi. Kijana anafanya kazi kwa baba yake tangu amalize shule, anaambiwa "yote haya yatakuwa yako", na anafika miaka thelathini na kitu jina lake likiwa halipo kwenye hati ya shamba, wala kwenye ubia, wala kwenye akaunti ya benki. Analipwa mafuta ya gari na kondoo wachache wa kupeleka mnadani. Mchumba wake anauliza tutaishi wapi, anajibiwa tutaona. Mwaka unapita, wa pili, wa tatu. Kama ndivyo ilivyokuwa, basi hoja ya kweli kwako haiko Cardiff. Iko hapo nyumbani, na huenda inakungoja wewe.

Ndiyo maana sipendelei unyamaze, ingawa ukimya nao una sababu zake na utaamua mwenyewe. Ukiamua kuuliza, chagua mahali. Usimuulize kwenye meza ya mama yake, wala siku ya mnada akiwa amerudi na bei mbaya. Mtafute ndani ya gari mkipeleka nyasi kavu mlimani, mmekaa bega kwa bega, macho yenu yakitazama mbele. Mwanamume asiyezoea kusema ya moyoni husema zaidi pale asipotazamwa. Pia fikiri juu ya lugha. Bila shaka mlianza kwa Kiingereza, na Wawelisi wengi huona taabu kubadili lugha waliyofahamiana nayo na mtu siku ya kwanza. Lakini mambo ya baba, mama na shamba ameyaishi kwa Kiwelisi. Mwambie ajibu kwa lugha yake, hata kama wewe utauliza kwa Kiingereza na utamwomba arudie. Jumamosi zako za jikoni zimekufikisha mbali kuliko unavyojipa sifa.

Maneno yenyewe yawe machache. Kwa mfano: "Nimesikia habari za kijiko cha kwanza. Sina hasira kwamba ulipenda kabla yangu. Nataka kujua alichokuwa akisubiri." Mwambie pia kwamba ulisikia kwenye chai ya kwaya, si kwa mpango wa mama wa jirani, maana hofu yake ya kwanza itakuwa kwamba unalishwa maneno kule. Kisha nyamaza. Anaweza kukasirika, anaweza kusema yaliyopita yamepita, anaweza kushuka kwenda kufungua geti na kukaa huko dakika kumi. Mpe siku kadhaa. Lakini ikipita wiki ya pili na jibu likawa lilelile la yaliyopita, utakuwa umejifunza namna atakavyoshughulikia jambo zito mkiwa ndani ya ndoa, na hilo lina uzito wake.

Kama jibu litagusa shamba, usiulize yote usiku mmoja. Anza na madogo ambayo yana majibu: nani anatia sahihi hundi, yeye analipwa mshahara wa mwezi au la, mtalala nyumba ipi baada ya harusi na nyumba hiyo ni ya nani, ndugu zake wameahidiwa nini. Yakiwa yote ni ya mdomo, mnaweza kuomba wazazi wakae na wakili anayejua mashamba, waandike ubia au wosia. Ni ombi linaloweza kuwaudhi, hasa likitoka kwa bibi harusi. Likitoka kwa mtoto wao lina nafuu. Kuliacha nako kuna hatari yake. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliamua binti mmoja wa Carmarthenshire, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa kwa ahadi za wazazi wake, alipwe pauni 500,000. Jaji wa kwanza alikuwa amempa milioni 1.3. Kwa hiyo ahadi ya mdomo si upepo mtupu mbele ya sheria, ila kufika huko ni kushitakiana na baba na mama. Nao wazazi wana hofu yao: wanaogopa ndoa ikivunjika shamba litakatwa vipande. Wakikuletea mkataba wa kabla ya ndoa usichukulie ni matusi, lakini uwe na wakili wako mwenyewe, na ufanyike miezi kabla, si wiki ya harusi.

Kuhusu mama yako mdogo na kwaya. Mchumba wako amesema mama yake ataumia. Anaweza kuwa sahihi. Pia anaweza kuwa anaogopa kwamba kadiri unavyokaa jikoni kule ndivyo utakavyoyasikia yale ambayo hajayasema yeye, na katika hali hiyo mazungumzo ya kwenye gari yanaweza kulipunguza ombi lake bila wewe kubishana. Ukikubali kuacha hadi Septemba utapata amani ya miezi sita, lakini bonde litasoma kwamba umechagua upande, na kulifuta hilo baadaye ni kazi kubwa. Ukiendelea kama zamani bila kusema neno, mavyaa ataona umemdharau mwanawe. Katikati kuna njia ambayo inachosha lakini baadhi ya watu wameiweza: unakwenda, na unasema wazi kwamba unakwenda, na hubebi habari. Cha jikoni kwa huyu hakifiki jikoni kwa yule, hata kile cha heri, hata salamu. Kwako hili si geni. Kila siku unatoka nyumba moja ya mgonjwa na kuingia nyingine ukiwa umefunga mdomo, na ndiyo maana wanakufungulia milango.

Jambo moja katika barua yako umelipita haraka, nami nimelisimamia. Familia hizi bado zinarudishiana kondoo. Mtu anaangalia alama ya sikio na rangi ya mgongoni, anajua ni wa adui yake, na bado anampeleka zizini badala ya kumwacha apotee. Miaka kumi na moja. Chuki kamili haifanyi hivyo. Huna haja ya kuwapatanisha, na sikushauri ujaribu. Mgeni akishika upatanisho ukashindikana, yeye ndiye hubaki na lawama. Lakini mchumba wako anaweza, siku moja atakapompeleka jike wa jirani pale zizini, kungoja mpaka mwenyewe afike badala ya kuondoka. Hilo ni lake yeye kuamua. Unaweza kumtajia mara moja na kuliacha.

Kuahirisha harusi? Kunakupa muda, na kama jibu la ardhi litakuwa la kusubiri tu, muda huo utauhitaji. Upande mwingine, hii itakuwa harusi yake ya pili kusogezwa, na bonde halitasema limesahau ya kwanza. Usiliamue hili kabla hujamsikia. Nalo la kumsikia lina msimu wake: mwisho wa Machi kondoo wakianza kuzaa atakuwa analala saa tatu nne kwa usiku, na hamtazungumza lolote la maana mpaka Mei.

Kuhusu kinanda, Jumamosi ijayo muulize mama yako mwenyewe kama angependa kukipiga siku hiyo au angependa apumzishwe. Asijibiwe na wengine kwa niaba yake. Na mwambie kwamba hata akikataa, Jumamosi itakayofuata utakuja na daftari lako kama kawaida.